Simu Ina Kava, Watoto Hawana Wosia

Jamani, hivi sisi watu wazima tukoje? Simu ikinunuliwa, kabla haijatoka dukani imeshavikwa kava na kubandikwa kioo cha pili juu ya kioo. Watoto watatu wako nyumbani, wosia hakuna. Na ukimtajia mtu wosia, anakutazama kama umekuja kumpima urefu wa jeneza.

"Mimi sina mali." Nani kakuuliza mali? Hao watoto wakibaki peke yao, watalala kwa nani? Andika jina la mlezi, na la mlezi wa akiba, maana wa kwanza naye ni binadamu: anaugua, anahama, anakufa. Na aulizwe kwanza! Kuna watu wanaandika jina la shemeji kimyakimya, shemeji anakuja kugundua msibani kwamba ameongezewa watoto watatu.

Halafu mlezi huyohuyo anarundikiwa na fedha zote. Mwenye huruma ya kulea si lazima ajue hesabu. Mmoja alee, mwingine ashike fedha, atoe za ada, matibabu na matumizi. Na iandikwe zitolewe lini, kwa sababu usipoandika, kwa kawaida mtoto akifikia utu uzima, nchi nyingi ni miaka 18, anakabidhiwa zote kwa mkupuo. Miaka 18! Ataanza na spika za muziki, ada itafuata kama kuna kilichobaki. Gawanya: fungu akiwa na miaka 18, jingine 21, la mwisho 25.

Lakini kinachoudhi kuliko vyote ni fomu za bima na pensheni. Mtu alizijaza siku ya kwanza kazini, akaandika jina la mchumba waliyekuja kuachana. Leo ana mke, watoto, na wosia wa kurasa sita. Kazi bure: mahali pengi fedha hizo hufuata jina lililo kwenye fomu, wosia hauzigusi. Mwingine anajitia mjanja, anaandika jina la mtoto wa miaka minne. Nani atampa hundi mtoto wa miaka minne? Fedha zinakaa zikisubiri mahakama iteue wa kuzishika, na gharama zinazitafuna. Aandikwe yule aliyeteuliwa kuzisimamia kwa niaba ya watoto.

Haya, sasa kusaini wosia. Mashahidi wawili, wote chumbani wakimwona mwenye wosia anasaini, nao wasaini hapohapo. Si mmoja Jumatatu, mwingine akirudi safari. Tena shahidi asiwe mrithi, wala mume au mke wa mrithi, maana kwa sheria za nchi nyingi anaweza kupoteza alichoachiwa. Sasa watu humwita nani? Mtoto mkubwa, eti yuko karibu!

Miaka miwili baadaye anazaliwa mwingine, baba anachukua kalamu, anamchomeka pembeni ya ukurasa. Nyongeza isiyo na mashahidi ni kuchafua karatasi tu. Andika upya, na safari hii ongeza "na watakaozaliwa baadaye", utupumzishe.

Basi mtu akishafanya yote hayo sawasawa, anauficha huo wosia. Anaufungia kwenye sanduku la benki lililo kwa jina lake pekee. Akifa, benki inaweza kugoma kulifungua mpaka msimamizi wa mirathi alete wosia. Wosia umo ndani ya sanduku.