Mosi-oa-Tunya kwa kundi: ulizeni mto kabla ya kuuliza bei

Hapa Lushi, yaani Lubumbashi, safari za kundi hupangwa kwa namna moja. Wafanyakazi wa ofisi, wanakwaya au ukoo mzima huanzisha likelemba, ule mchango wa pamoja wa kuweka akiba, huchagua Pasaka au Noeli kwa sababu ndipo watu wana likizo, kisha hutafuta basi la kwenda Livingstone, mji wa Zambia ulio jirani na Mosi-oa-Tunya, yaani maporomoko ya Victoria, mpakani na Zimbabwe. Mto wenyewe, Zambezi, hauulizwi hata mara moja. Ndiyo maana wengi hurudi wakilalamika kwamba waliona ukungu tu, au kwamba rafti, mashua ya mpira ya kushukia maji makali, ilikuwa imefungwa, au kwamba porini walikutana na majani marefu na swala wawili.

Kundi kama hilo hutaka vitu vitatu katika pesa moja: kutazama maporomoko, kupata msisimko wa mtoni, na kuona wanyama. Livingstone na jirani zake vinayo yote, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Lubumbashi. Ila havifiki ukamilifu wake katika mwezi mmoja, na anayewauzia kinyume cha hapo anawadanganya. Kama ni lazima muunganishe vyote vitatu, chagueni nusu ya pili ya Agosti.

Sababu yake inaanzia karibu na kwetu. Mvua inayonyesha Lubumbashi hushuka Kafubu, ikaingia Luapula, na mwisho wake ni mto Kongo. Zambezi nayo huchimbukia ng'ambo tu ya mgongo huohuo wa ardhi, upande wa Ikelenge, kaskazini-magharibi mwa Zambia, karibu sana na mpaka wetu. Lakini mvua ya Januari haifiki Livingstone Januari. Hupita Angola, halafu hutandaa katika uwanda mpana wa Barotse na kukaa humo kama maji ndani ya sifongo. Gharika yenyewe hufika kwenye maporomoko mwezi wa nne, wakati sisi tumeshaanza kusahau mwavuli.

Kwa hiyo Pasaka mnaangukia maji mengi kupita kiasi. Ukuta wa maporomoko una upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108, na maji hayo yote yakianguka kwenye ufa mwembamba, mvuke hurudi juu na kuwanyeshea kutoka chini. Mtalowa hadi nguo za ndani, simu zitakufa, na mbele yenu mtaona weupe mtupu. Ngurumo mtaisikia vizuri, hilo nakubali, na kwa wengine hiyo peke yake inatosha. Lakini rafti kwa kawaida husimamishwa majuma kadhaa ya wakati huo, na njia ya pekee ya kuyaona maporomoko yote ni kutoka angani. Mkichagua helikopta, piga picha upendavyo. Kwenye mikrolaiti, kile kindege cha watu wawili kisicho na dirisha, kamera na simu haziruhusiwi, kwa sababu panga la injini liko nyuma ya abiria na kitu kikidondoka kinaingia humo moja kwa moja.

Noeli ni kasoro nyingine. Joto, mvua ya alasiri, pori limeota, na wanyama hawana haja ya kushuka mtoni kwa kuwa kila kidimbwi kina maji.

Mwishoni mwa Agosti maji yameshuka kiasi cha kuonyesha mwamba, lakini ukuta wa upande wa Zambia bado unatiririka. Msisubiri Oktoba au Novemba, maana wakati huo upande huo unaweza kubaki jiwe karibu tupu, na maji mengi yanakuwa Zimbabwe. Vakansi kubwa ya shule bado haijaisha, watoto wapo, na Devil's Pool, lile dimbwi la ukingoni kabisa, hufunguliwa kama katikati ya Agosti kama mto umekubali. Asubuhi ni baridi kweli. Mtu aliyebeba fulana tu atajuta ndani ya gari la wazi saa kumi na mbili.

Kuhusu rafti, pangeni idadi ya watu kwa chombo, si kinyume chake. Rafti moja huchukua kama watu wanane, mbali na kiongozi, na gari la safari huchukua karibu idadi hiyohiyo. Kundi la 16 linagawanyika vizuri. Kundi la 19 litalipia nafasi tupu au litamwacha mtu kando akiwashikia mikoba. Kampuni nyingi hazipokei mtoto chini ya miaka 15, kwa hiyo ukoo wenye watoto uwe na mpango wa pili wa siku hiyo, na upangwe Lubumbashi, usije ukapangwa mbele ya mtoto anayelia.

Kutojua kuogelea si kizuizi ikiwa jile, ile fulana ya kuelea, imefungwa sawasawa. Jaribio lake ni hili: mwenzako ashike mabega ya jile yako na kuivuta juu kwa nguvu. Ikifika masikioni, haijabana, fungeni upya. Kofia ngumu nayo ifungwe chini ya kidevu. Viatu viwe vya kufungwa kisigino, kwa sababu kandambili huenda na wimbi la kwanza na mwisho wa safari kuna mpando mkali wa kutoka korongoni, juu ya mawe yenye moto. Mpando huo ndio unaowashinda watu, kuliko mto wenyewe. Mwenye magoti mabaya au presha aseme mapema.

Rafti ikipinduka, na msishangae ikipinduka, lala chali, miguu mbele na juu kidogo, usitafute kusimama. Mguu ukinasa katikati ya mawe, maji hukulaza juu yake. Vuta pumzi ukiwa bondeni mwa wimbi, siyo kileleni, maana kileleni povu linakungoja. Maji yakiwa chini, kiongozi atawashusha kwenye mkondo wa 9 na kuwapitisha kwa miguu kando ya mto. Asiyefanya hivyo msipande naye.

Kuruka kwa kamba kunafanyika kwenye daraja la mwaka 1905, mita 111 kwenda chini. Daraja liko katikati ya mipaka miwili, kwa hiyo hata asiyekwenda Zimbabwe abebe pasipoti yake na kuomba kikaratasi cha daraja kwa polisi wa uhamiaji. Na nyani wa pale langoni wanaujua mfuko wa plastiki kuliko mnavyowajua wao. Mikate ibaki garini, vioo vimefungwa.

Sasa wanyama. Kila mtu hutaka hifadhi ya Chobe, Botswana, na kwa haki: wakati wa kiangazi tembo hushuka mtoni kwa makundi na unawaona kutoka kwenye mashua kwa karibu. Kasane, mji wa langoni mwa Chobe, hauko mbali, na tangu daraja la Kazungula, lenye mita 923, lifunguliwe mwaka 2021, hakuna tena kusubiri kivuko. Tatizo ni karatasi. Msidhani viza moja inatosha kwa nchi tatu. Kibaya zaidi, kwenda Botswana siku moja na kurudi kulala Livingstone ni kuingia Zambia mara ya pili. Mwenye ruhusa ya kuingia mara moja anakwama darajani jioni, na kundi zima linakwama naye. Ulizeni ubalozi mdogo wa Zambia hapa Lubumbashi, pasipoti kwa pasipoti, kwa kuwa kundi la Lushi halikosi Mtanzania mmoja na mwenye pasipoti ya Ubelgiji. Kwa Botswana anzeni mapema zaidi, na msibebe nyama wala maziwa. Hukaguliwa, na viatu hukanyagishwa dawa kwa ajili ya maradhi ya ng'ombe.

Mmoja akikosa viza, mimi naona heri wote mbaki. Hifadhi ya Mosi-oa-Tunya iko pale pale mjini, kilomita za mraba 66 tu. Simba hamna. Lakini kuna vifaru weupe wanaofuatwa kwa miguu pamoja na askari wenye bunduki, na kuwa mita chache kutoka kwa kifaru bila gari kunanyamazisha hata mwanakwaya.

Barabara: siku mbili kwenda, siku mbili kurudi, mlale Lusaka au Kabwe. Atakayewaahidi siku moja atawaendesha usiku, na usiku kuna malori yaliyoharibika katikati ya lami bila taa. Fikeni mpakani Kasumbalesa alfajiri, kabla foleni ya malori haijajifunga. Kuna karte mbili za njano na watu huzichanganya: ya kila abiria ni ya chanjo ya homa ya manjano, ya gari ni ya bima ya COMESA. Mkikosa mojawapo, siku inaishia hapo. Dola ziwe safi na za toleo jipya, na kwacha mzibadilishe benki, msiwape vijana wa mpakani. Saa hazibadiliki, na bukari, yaani ugali, mtaikuta kila mahali, wao huiita nshima.

Kabla ya kulipia basi, tazameni mlango wake uko upande gani. Zambia hupita kushoto. Basi lenye mlango wa kulia litawashusha kwenye magari yanayopita, na watoto ndio hutangulia kuruka. Wakati wa kurudi, dereva atakuwa amezoea kushoto kwa siku zote za safari: mtu mmoja mwenye macho akae karibu naye kuanzia Kasumbalesa, amwambie "kuume" katika kila njia panda hadi Lushi.