Nipe Mji

Jumamosi iliyopita, pilau ya arusi ikiwa imeliwa na kahawa imezungushwa, shemeji yangu alianza kusimulia habari za wasichana na wanawake waliouawa Ciudad Juárez, mji wa Meksiko ulio mpakani na Marekani, kwa utamu ule ule anaosimulia nao hadithi za majini. Alikuwa ametazama filamu. Kulikuwa na muuaji mmoja mwenye akili za ajabu, kulikuwa na waabudu shetani, kulikuwa na biashara ya viungo vya binadamu, na mwisho wa yote akapiga paja na kusema, "Kile ni kitendawili, wallahi, hakuna wa kukitegua." Kisha mgeni mwingine, tena mwanamke, akauliza hao wasichana walikuwa wakitafuta nini nje saa hizo.

Nilinyamaza kwa heshima ya maharusi. Hapa sina maharusi wa kuwaheshimu.

Walikuwa wakienda kazini. Meksiko ilifungua mpaka wake wa kaskazini kwa makiladora, yaani viwanda vya kuunganisha bidhaa za kuuzwa nje, mwaka 1965, na mkataba wa biashara huria na Marekani na Kanada ulipoanza kutumika Januari 1994, Juárez, iliyotenganishwa na mji wa El Paso, Marekani, kwa mto tu, ilikuwa tayari inavuta wasichana kutoka kila pembe ya nchi kuja kuunganisha bidhaa ambazo wengi wao wasingeweza kuzinunua. Zamu zilianza kabla ya mapambazuko au kumalizika usiku, na mabasi yaliwashusha katika mitaa ya pembezoni isiyokuwa na lami wala taa. Oktoba 2001 binti wa miaka 20 alichelewa kufika kiwandani kwa dakika chache tu, akanyimwa ruhusa ya kuingia, na hakuonekana tena akiwa hai. Mwili wake ulikuwa mmoja wa minane iliyopatikana tarehe 6 na 7 Novemba katika shamba la zamani la pamba, mahali panapotazamana na ofisi za chama cha wenye viwanda hivyo. Saa hizo, shemeji, alikuwa akitafuta mshahara.

Sasa turudi kwenye hicho kitendawili. Sisi tuliolelewa na bibi zetu tunajua kwamba anayetega kitendawili analijua jibu, na kwamba waliokaa kumzunguka wakishindwa huambiwa, "Nipe mji," nao humpa mji mzima ili awafumbulie. Kwa maana hiyo, shemeji yangu alisema kweli bila kukusudia. Mji ulitolewa. Juárez ilitolewa kama tulivyokuwa tukitoa Lamu na Unguja ukumbini kwa bibi, ila waliopokea hawakutoa jibu.

Mauaji hayo yanaitwa mauaji yasiyotatuliwa, na neno hilo linanikera kwa sababu linatufanya tuwaone wapelelezi wameinamia meza zao usiku kucha, jasho likiwatoka, ushahidi ukigoma kusema. Hesabu yenyewe ilianzishwa na raia: Esther Chávez Cano, mhasibu aliyekuwa amestaafu, alianza mwaka 1993 kukusanya habari za wanawake waliouawa kutoka magazetini, kisha mwaka 1999 akafungua Casa Amiga ili wanaopigwa na kubakwa wapate mahali pa kukimbilia. Kufikia 2003 shirika la Amnesty International lilikuwa likitaja wanawake wapatao 370 waliouawa katika Juárez na mji wa Chihuahua kwa miaka kumi, na angalau 137 kati yao walikuwa wametendewa ukatili wa kingono kabla ya kufa. Hayo yalipokuwa yakiendelea, mwaka 1999, mkuu wa mashtaka wa jimbo la Chihuahua, ambamo Juárez imo, alisema kwamba ni vigumu mtu kutoka nje mvua ikinyesha asilowe. Mvua! Kana kwamba wanaume waliowabeba wale wasichana walidondoka kutoka mawinguni.

Serikali ilipolazimika kuonekana inafanya kazi, ilitafuta mtu wa kumbambikizia. Mwaka 1995 alikamatwa mkemia mmoja raia wa Misri, nasi tukaambiwa jambo limekwisha. Maiti ziliendelea kupatikana. Mwaka 1996 likakamatwa genge la vijana, na maelezo yakawa kwamba Mmisri anawalipa akiwa gerezani. Mwaka 1999 wakakamatwa madereva wa mabasi, na maelezo yakawa yale yale. Baada ya ile miili minane ya shamba la pamba, haikuchukua hata wiki moja kabla ya madereva wawili kutangazwa kuwa wamekiri yote. Wao walisema waliteswa. Wakili wa mmoja wao alipigwa risasi na polisi Februari 2002 akafa. Dereva huyo naye akafia gerezani mwaka uliofuata. Mwenzake akahukumiwa miaka 50 mwaka 2004, kisha akaachiwa mwaka 2005 kwa kukosekana ushahidi. Óscar Máynez, aliyekuwa mkuu wa uchunguzi wa kisayansi wa jimbo, alijiuzulu na kueleza kwamba alitakiwa apandikize ushahidi ndani ya gari la watuhumiwa naye akakataa. Na wataalamu wa uchunguzi wa mabaki kutoka Argentina walipoitwa baadaye, ilibainika kwamba baadhi ya familia zilikuwa zimekabidhiwa, na kuzika, miili isiyo ya binti zao. Fumbo gani linalohitaji wapelelezi wapandikize ushahidi?

Hukumu ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, iliyotolewa Novemba 2009 kuhusu watatu kati ya wale wanane, inastahili kusomwa na kila askari anayekaa nyuma ya kaunta. Mahakama haikuitaka Meksiko iwe imetabiri kila mauaji. Ilitazama saa na siku za mwanzo, baada ya mama kufika na kusema mwanangu hajarudi, na ikakuta kwamba wazazi waliambiwa wasubiri, kwamba huenda binti katoroka na mpenzi wake, na kwamba mabinti wa namna hiyo hujitafutia wenyewe. Kwa kushindwa kutenda katika saa hizo, serikali ilikutwa na hatia.

Nazijua saa hizo. Miaka michache iliyopita mpwa wangu hakufika Mombasa kutoka Nairobi, simu yake imezimwa, nasi tukaenda katika kituo kimoja cha polisi ambacho sitakitaja. Afisa alimtazama dada yangu kuanzia ushungi hadi viatu, akauliza kama msichana ana mchumba, kisha akatuambia turudi kesho jioni ikiwa bado tutakuwa na wasiwasi. Basi lao lilikuwa limeharibika karibu na Mackinnon Road, na msichana alifika alfajiri akiwa na njaa tu. Tulicheka sana siku ile, hata afisa tulimsamehe. Siku hizi sicheki nikikumbuka, kwa maana jibu tulilopewa ndilo hasa walilopewa wale mama wa Juárez.

Nitakubali, kwa shingo upande, kwamba si kila mwanamke aliyekufa Juárez aliuawa na mtu asiyemjua. Wengi waliuawa na waume na wapenzi wao, na hizo ni kesi ambazo hazihitaji mpelelezi mwenye kipaji. Nitakubali pia kwamba wanaume wengi zaidi waliuawa katika vita vya magenge ya dawa za kulevya, na kwamba mwaka 2010 peke yake mji huo ulihesabu watu zaidi ya 3,000 waliouawa. Na mwaka 2015 wanaume watano walihukumiwa miaka 697 kila mmoja kwa vifo vya wasichana ambao mabaki yao yalipatikana Arroyo del Navajo. Haya, tumeandika.

Lakini mwaka huo huo wa 2010 mahakimu watatu walimwachia huru mtu aliyekuwa amewaonyesha polisi mahali alipomtupa msichana wa miaka 16. Mama wa msichana huyo, Marisela Escobedo, alimsaka mtu huyo mwenyewe, kisha akapiga kambi mbele ya ikulu ya gavana katika mji wa Chihuahua, na tarehe 16 Desemba akapigwa risasi kichwani pale pale, kamera zikirekodi. Hukuhitaji kitendawili kujua nani ana jibu pale. Alikuwa amelipeleka hadi mlangoni.

Wala tusijifanye wageni wa mambo haya. Julai 2024 miili ya wanawake ilipoopolewa kwenye jaa la Kware, Nairobi, mtuhumiwa alitangazwa upesi kuwa amekiri kuua wanawake 42, wakili wake akasema aliteswa, na mwezi uliofuata mtuhumiwa huyo akatoweka kutoka mahabusu ya polisi.

Juárez kuna misalaba iliyochorwa kwenye nguzo kwa rangi ya waridi na nyeusi, na rangi inapofifia huipaka upya mama na majirani zao wenyewe. Jana nilimtumia shemeji hukumu ile ya 2009 pamoja na maelezo ya ukurasa mmoja niliyoyaandika kwa Kiswahili chepesi. Alijibu usiku, akiniuliza kama kuna filamu yake.