Hakuna Anayepiga Picha Msingi

Ukitaka kujua nyumba yangu ya Nyamasaria, Kisumu, iliharibikia wapi, usitazame juu. Mabati ni ya bei, na rangi yake niliichagua wiki mbili nzima. Tazama dirisha la sebuleni, kona ya chini kulia. Ufa unaanzia hapo, unashuka mshazari hadi sakafuni. Februari, sarafu ya shilingi kumi inaingia hadi nusu. Mvua za Aprili zikishika, haiingii tena. Ukuta unapumua.

Udongo wa huku ni ule mweusi, unaoganda kwenye gambuti hadi mguu ushindwe kunyanyuka. Ukilowa unafura, ukikauka unanywea na kupasuka. Dawa yake si siri: uchimbe mweusi wote hadi ardhi ngumu, ujaze maramu (udongo wa changarawe), ushindilie tabaka kwa tabaka. Fundi aliniambia. Tulikuwa futi tatu chini na sepetu bado inatoa weusi.

"Bosi, tuongeze hata futi mbili."

Nikapiga hesabu ya vibarua na lori za maramu. "Fundi, hapo panatosha. Anza mawe."

Leo mgeni akiuona ufa, anayetukanwa ni fundi. Mafundi ni wezi, wanauza simiti usiku. Nami kwa muda nilinyamaza, maana ilinifaa. (Simiti kweli ilipotea, mifuko minne, ila mlinzi alikuwa binamu yangu, kwa hivyo tuyaache.)

Sisi tunaojenga tunapenda kulipia kinachoonekana. Grili zangu zina maua ya chuma. Pesa zake zingetosha kabisa zile futi mbili. Lakini shemeji gani amewahi kuja kusifu msingi? Na sakafu je? Zege lilitaka kumwagiliwa maji angalau wiki nzima. Siku ya tatu mfereji ukakauka, nami nikaona kununua maji ya mkokoteni ili kunywesha sakafu ni wazimu. Sasa kila tukifagia, inatoa vumbi lake yenyewe.

Juzi nilimwita yule fundi. Alipiga magoti, akapitisha ukucha ndani ya ufa. Zile futi mbili hakuzitaja. Aliuliza tu maji ya paa yanamwagikia wapi.

Yanamwagikia hapo hapo, chini ya dirisha. Gata nilisema tutaweka baadaye.