Kasi au Shabaha: Nini Humfanikisha Mrushaji wa Besiboli?

Katika besiboli ya Marekani, mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, na mpira unaokwenda kilomita 160 kwa saa hufika huko kwa takriban sekunde 0.4. Kwa hiyo wanaoamini kwamba kasi ndiyo msingi wa mafanikio wana hoja nzito, kwa sababu mpigaji aliyenyimwa muda wa kuusoma mpira hana budi kubahatisha. Shahidi wao mkuu ni Nolan Ryan, ambaye katika misimu 27, hadi alipostaafu mwaka 1993, aliwatoa wapigaji 5,714 kwa straiki tatu, yaani mipira mitatu waliyoikosa au kuiacha ikiwa halali, rekodi ambayo haijavunjwa.

Lakini Ryan huyohuyo aliwapa wapinzani kituo cha kwanza bure mara 2,795 kwa kurusha nje ya eneo halali, nayo pia ni rekodi, wala hakuwahi kutwaa tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora wa ligi. Greg Maddux, ambaye mpira wake haukuwa wa kutisha kwa mwendo, aliitwaa mara nne mfululizo, kuanzia 1992 hadi 1995, akashinda michezo 355, na katika misimu 23 alitoa vituo vya bure 999 tu. Mwezi Julai 1997 aliimaliza timu ya Chicago Cubs mchezo mzima kwa mitupo isiyofika 80.

Ubora wa namna hiyo umo vidoleni. Mrushaji akiushika mpira ndani zaidi ya kiganja, kisha akauzungusha mkono kwa nguvu zilezile, mpira hupungua mwendo kwa kilomita 15 hivi kwa saa, na mpigaji, ambaye hakuona tofauti yoyote mkononi, hupiga hewa kabla haujamfikia. Ufundi huu naupa uzito zaidi kuliko kasi, ingawa ni haki kukiri kwamba kasi husamehe makosa: mpira wa kilomita 158 uliopotea njia unaweza kupita salama, ilhali wa kilomita 135 ukikosea hivyo hupigwa ukaishia jukwaani.

Gharama ya kasi hulipwa na kiwiko. Tangu daktari Frank Jobe alipomfanyia mrushaji Tommy John upasuaji wa kubadilisha kano iliyochanika, mwaka 1974, operesheni hiyo imekuwa jambo la kawaida. Jacob deGrom, mmoja wa warushaji wenye kasi kubwa zaidi wa kizazi chake na mshindi wa Cy Young mwaka 2018 na 2019, alifanyiwa upasuaji wa kiwiko mwaka 2023. Shabaha nayo haimkingi mtu: Jamie Moyer, asiyejulikana kwa kasi, alipasuliwa vivyo hivyo mwaka 2010. Tofauti ni kwamba alichokitegemea hakikupotea pamoja na nguvu za mkono, na mwezi Aprili 2012, akiwa na umri wa miaka 49, alishinda tena mchezo wa ligi kuu kwa mipira isiyofika kilomita 130 kwa saa.