Ligeuzeni jani, watu waone

Watafiti wetu wakitaka sayansi yao itufikie, mimi nasema waisimulie, kwa podikasti, yaani kipindi cha sauti cha kusikiliza kwenye simu, au hata kwa filamu, badala ya slaidi za semina. Jumanne iliyopita nilimsindikiza shangazi kwenye semina ya wakulima wa viazi, huku kwetu Isyonje, Mbeya. Shangazi amelima viazi tangu sijazaliwa, na msimu uliopita ugonjwa wa ukungu ulimkaushia karibu shamba zima kabla wiki mbili hazijaisha. Alikwenda na daftari. Tulipotoka, daftari lilikuwa na tarehe tu juu ya ukurasa. Slaidi zilikuwa za Kiingereza mwanzo hadi mwisho, grafu juu ya grafu, na mtaalamu alipofika kwenye matokeo akatupa mgongo, akausomea ukuta. Hakuna aliyeuliza kitu. Ukimya ule ndio ulioniuma, kwa sababu wale watu wana maswali. Nayasikia kila siku kwenye Noah za kwenda Uyole.

Basi tulipokuwa nje tunasubiri chai, kijana mmoja afisa ugani akaingia kwenye shamba la jirani, akachuma jani na kuligeuza mbele ya shangazi. Upande wa chini, kuzunguka baka la kahawia, kulikuwa na utando mweupe kama unga uliopeperushwa.

"Mama, ukungu wenyewe ndio huu. Unaonekana asubuhi jani likiwa bichi la umande. Jua likipanda, mara nyingi huuoni tena."

Akamweleza kwamba vimelea vinapenda baridi na jani lililolowa, kwamba vinasafiri kwa upepo na matone ya mvua, na kwamba dawa nyingi za ukungu ni za kukinga, zinatakiwa zilikute jani likiwa bado zima. Shangazi akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo miaka yote napiga dawa mgeni akiwa ameshalala ndani?"

"Ameshalala, mama, na ameshazaa."

Nilikuwa nimewasha simu, nikarekodi. Ni dakika nne tu, jogoo anawika katikati. Nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la kikundi chao. Jumapili ikanirudia kutoka kwa rafiki aliyeko Makete, ananiuliza kama nimeisikia.

Sasa ndugu zangu watafiti, nawaambia kwa heshima: ile ndiyo podikasti. Haikuhitaji studio. Ilihitaji mtu anayejua, mtu anayeuliza, na jani. Semina ilitugawia majibu ya maswali ambayo hakuna aliyekuwa ameyauliza, na jibu lisilo na swali halikai kichwani. Simulizi inalitanguliza swali, inakuacha uhangaike nalo kidogo, ndipo jibu linapokuja linakuta limeandaliwa kiti.

Na sisi wa nyanda za juu tunalijua hili kuliko wengi, maana moja ya hadithi kubwa za sayansi duniani imepita Iringa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Magamba kule Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friji ilikuwa inagombaniwa, akaingiza maziwa yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akauliza kwa nini, akaambiwa amechanganyikiwa. Akafika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Kisha akaja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama na swali lilelile, darasa likamcheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akaomba lijaribiwe maabara, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Hadi leo wanasayansi wanabishana kuhusu chanzo chake, na wengine wanatilia shaka kama jambo lenyewe lipo.

Nimewahi kuisimulia kwa vijana wa kidato cha pili, mmoja akaniuliza kama anaweza kujaribu kwao kwa maji ya kandoro, yale ya vifuko vya plastiki. Hakuna slaidi iliyowahi kufanya hivyo mbele ya macho yangu.

Kipunji naye ni vilevile. Mwaka 2005 dunia ilitangaziwa kima huyo mpya kutoka misitu ya Rungwe na Ndundulu. Lakini jina wanasayansi walilikuta tayari vinywani mwa watu wa Rungwe, na ni kwa kuongea na wanavijiji wa huko ndipo walipoanza kumtafuta. Waliosikiliza ndio waliogundua.

Filamu ni gharama, hilo sibishi. Lakini vibanda vya video hapa Mbeya mjini vinajaa watu wanaofuatilia filamu ya Kikorea mpaka mwisho kwa sababu kuna mtu anaisimulia kwa Kiswahili. Msiniambie watu hawapendi mambo magumu.

Nakubali, shingo upande, kwamba msimulizi hodari anaweza kupotosha. Wakati wa korona tulitumiwa sauti tamu zenye uongo mtupu. Ndiyo maana nataka mtafiti mwenyewe awe ndani ya simulizi, aseme alipokosea, aseme asichokijua bado. Mkulima hamdharau mtu anayesema "hapa bado tunatafuta." Yeye mwenyewe anatafuta kila msimu.

Jana usiku shangazi amenipigia. Viazi vilivyosahaulika ardhini kwa jirani yake vimeota vyenyewe, na majani yana mabaka. Anataka kujua kama ukungu wake unatokea huko. Yule kijana wa ugani amekubali kuja Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, kabla umande haujakauka. Nimeshachaji simu.