Mtandao Nilioutafuta Mnadani

Kabla hamjanicheka, jueni kwamba cheti ninacho. Cheti cha skramu, ule utaratibu wa timu kutengeneza programu kwa mizunguko mifupi mifupi, kimetiwa fremu, kiko ukutani ofisini kwetu hapa Bagamoyo. Tulikuwa vijana watatu tunatengeneza programu ya simu ya kunadia samaki, tena kwa mtindo wa ajaili hasa, yaani kujenga kidogo kidogo huku unamsikiliza mteja: mizunguko sita ya wiki mbili mbili, ukuta mzima karatasi za njano, na kila asubuhi kikao cha kusimama cha dakika 15. (Cha kusimama kwa jina tu. Mwenzetu mmoja alikuwa akija na vitumbua, basi tunakaa, na saa nzima inakwisha.)

Mteja je? Alikuwapo. Mpwa wa mfadhili, anaishi Dar, samaki anamjua akishaingia kwenye mchuzi wa nazi. Huyo ndiye aliyetwambia dalali anataka nini. Dalali mwenyewe yuko sokoni, dakika kumi kwa miguu, na miezi mitatu hatukwenda hata kununua kibua.

Siku ya kuonyesha kazi ndiyo tukashuka pwani. Ngalawa zimeingia, watu wamefurika.

"Shikamoo, mzee," nikampa dalali simu.

Akaipokea kwa mkono uliotoka kushika pweza. Kioo kikagoma. Akajifuta kwenye kikoi, akabonyeza tena. Programu ikamtaka neno la siri la herufi nane, lenye alama maalumu.

"Mwanangu, hapa fungu linauzwa hujamaliza kupiga chafya." Akanirudishia, akaendelea kunadi.

Nikajiambia tatizo ni mtandao. Nikainua simu juu, nikaipunga huku na huku nione wapi unasoma. Kumbe kila nikiinua, mzee anapandisha bei.

"Elfu arobaini na tano, kijana wa shati jeupe! Nani zaidi? Chukua!"

Nikageuka. Taa, mpana kama meza ya ofisi, amelala mchangani ananitazama.

Soko zima likaangua kicheko. Mama mmoja muuza samaki wa kukaanga ndiye aliyenionea huruma. Akaniuliza kama programu yetu inaweza kumkumbusha nani kachukua mali kauli na hajalipa, maana daftari lake limeingia maji. Haiwezi, mama. Katika karatasi zote zile za njano, hakuna hata moja iliyotaja deni. Na ilani ya ajaili, ile walioiandika watu 17 kule Snowbird, Utah, Februari 2001, ina kanuni 12, mojawapo inasema wenye biashara na watengenezaji wafanye kazi pamoja kila siku. Naijua kwa ghibu. Nilipata vema kwenye mtihani.

Nikalipa kwa hela ya bando la ofisi, kisha nikampigia mke wangu kabla hajasikia kwa watu.

"Nimenunua taa."

"Afadhali! Ile ya barazani imeungua tangu Idi. Ya kuning'iniza au ya mezani?"

Nikamwangalia tena pale mchangani, mkia na yote.

"Ya mezani."