Jike wa nyenje anapoitika: homoni ina kauli kiasi gani?

Waweke majike wawili wa nyenje wa nyumbani, Acheta domesticus, mbele ya spika inayotoa mlio wa dume. Mmoja amejivua gamba lake la mwisho jana tu. Mwenzake ana wiki nzima tangu awe mtu mzima. Wa kwanza hageuki mpaka sauti ipandishwe sana; wa pili anaufuata hata mlio hafifu. Masikio yao, ambayo kwa nyenje yako kwenye miguu ya mbele, chini kidogo ya goti, ni ya aina moja na yapo mahali pamoja. Tofauti imetoka wapi?

John Stout na wenzake wa Chuo Kikuu cha Andrews, Michigan, Marekani, walilishughulikia swali hilo kwa miaka mingi, na jibu lao linaanzia kwenye tezi ndogo zilizo nyuma ya ubongo. Tezi hizo hutoa homoni ya uchanga. Jina linapotosha kidogo: kwa mdudu ambaye bado anakua, homoni hii humzuia asikomae, lakini kwa jike mzima huhusika na mayai na uzazi. Tezi zikiondolewa, jike anakuwa mzito wa kuitika. Akirudishiwa homoni, anaanza kufuata sauti ndogo alizokuwa akizipuuza. Hata ile seli ya neva inayochukua mlio na kuupeleka ubongoni inakuwa nyepesi kuamka.

Mpaka hapo mtetezi wa kemia ana kesi nzuri. Dume naye anamwongezea ushahidi. Mwaka 1977 ilionyeshwa kwamba kifuko cha mbegu anachompa jike hubeba vimeng'enya vya kutengenezea prostaglandini, kemikali zinazofanya kazi karibu kama homoni, mwilini mwa jike, na hizo humsukuma kutaga. Kwa maneno mengine, mchumba hakuishia kuimba mlangoni. Ameingia hadi jikoni na kugusa viungo.

Upande wa pili una hoja ambayo homoni haiigusi kirahisi. Jike anaitambuaje sauti ya dume wa aina yake katikati ya kelele zote za usiku? Mwaka 2015 Stefan Schöneich, Konstantinos Kostarakos na Berthold Hedwig, wakifanya kazi Cambridge, Uingereza, walieleza mtandao wa seli tano tu katika ubongo wa nyenje wa aina nyingine, Gryllus bimaculatus. Mlio wa dume huyo huja kwa mapigo, kila moja likifuatwa na jingine baada ya milisekunde 40 hivi. Pigo la kwanza linaifanya seli moja kuizuia nyingine. Iliyozuiwa, ikiachiliwa, inarusha ishara yake kwa kuchelewa. Pigo la pili likifika wakati ishara hiyo nayo inafika, seli ya tatu inafyatuka kwa nguvu. Likiwahi au likichelewa, karibu hakuna kinachotokea. Ni kama mwitikiaji wa ngoma anayejua hasa aingie wapi. Mdundo umefumwa katika mpangilio wa seli zenyewe, na kumpaka homoni jike hakumfundishi wimbo mpya.

Ningependa kuishia hapo na kusema homoni huamua jike aitike lini, mtandao huamua amwitikie nani. Ni mgawanyo mzuri mno, na ndiyo maana nasita. Majike wazee wa Acheta hulegeza uchaguzi: hufuata hata milio yenye mwendo ambao kijana angeukataa. Kundi hilo hilo la Michigan liliwahi kudunga homoni ya uchanga kwenye fundo la neva la kifuani, na uchaguzi wa mdundo ukabadilika. Kwa hiyo kemia inagusa hata ule "nani". Isitoshe, kuzuiana kwa seli kule Cambridge nako hufanywa kwa kemikali. Kuuliza ni kemia au ni mtandao kunafanana na kuuliza kama kinachofika baharini ni mto au ni maji.

Pande zote mbili, wa kemia na wa mtandao, pia zina deni kwa Kauai, kisiwa cha Hawaii. Huko nzi aitwaye Ormia ochracea humfuata dume wa nyenje wa aina ya tatu, Teleogryllus oceanicus, kwa sauti yake na kumwekea funza wanaomla akiwa hai. Mwaka 2006 Marlene Zuk na wenzake waliripoti kwamba katika vizazi visivyofika 20, zaidi ya asilimia 90 ya madume wa pale walikuwa na mabawa yasiyotoa sauti. Baadaye Zuk na Nathan Bailey waliwalea majike katika kimya na kukuta wanaitika kwa wepesi zaidi, bila kuchagua sana. Kwa majaribio hayo, alichosikia jike wakati wa kulelewa kina uzito, hata kama mwishowe kinapitia kwenye kemikali.

Ukitazama vizuri, sehemu ya ubishi huu inatokana na wadudu wenyewe. Habari za homoni zimetoka kwa Acheta, za seli tano kwa Gryllus, za kimya kwa Teleogryllus. Tunawashona watatu kuwa nyenje mmoja kisha tunashangaa mshono ukionekana. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kuruka kutoka jike wa nyenje hadi binadamu na "homoni zao". Hao sina la kuwaambia.

Jaribio ambalo lingenisogeza ni moja: kuzisikiliza zile seli tano ndani ya jike wa Gryllus akiwa kijana, kisha wengine wa umri mkubwa, na wengine tena baada ya kupewa homoni. Kama ule ucheleweshaji wa milisekunde 40 utatanuka au kusinyaa, nitahamia upande wa Michigan. Ukibaki palepale, huku seli ya mwisho ikipaza tu au kupunguza sauti yake, nitarudi Cambridge.